Karatasi ya Gari Ilitangulia Bunduki

Mwezi Mei 1983, katika jiji la Fortaleza, jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazil, mwanaume mmoja alimbana mkewe atie saini hati ya kuuza gari la huyo mke mwenyewe. Hati ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina la mnunuzi. Kabla ya hapo alikuwa akimshawishi akate bima ya maisha, na wa kulipwa mke akifa awe ni yeye mume. Siku tano tu baada ya habari ya gari, usiku wa tarehe 29, mke akiwa amelala fofofo, alipigwa risasi ya mgongoni.

Mke huyo ni Maria da Penha Maia Fernandes. Wabrazili wanamjua kuliko wanavyowajua mawaziri wengi, kwa sababu sheria ya nchi yao dhidi ya ukatili wa nyumbani inaitwa kwa jina lake. Lakini mwaka 1983 hakuwa mtu maarufu. Alikuwa mfamasia wa miaka 38, mama wa mabinti watatu, mwenye shahada ya chuo kikuu cha Ceará aliyoipata mwaka 1966 na shahada ya uzamili ya São Paulo. Mumewe, Marco Antonio Heredia Viveros, alikuwa Mkolombia aliyekuja São Paulo kusomea uchumi. Walijuana mwaka 1974, wakaoana 1976. Nayataja haya ya usomi makusudi. Wapo kati yetu wanaoamini kwamba mambo haya ni ya uswahilini, ya walevi na wasio na kazi. Hawa walikuwa wasomi wawili, wenye mishahara, gari na nyumba mjini.

Wote waliomjua bwana huyo siku za uchumba walimwona mtu mpole, mcheshi, mwenye kupendeka. Ukali ulianza alipokwisha kupata uraia wa Brazil na kazi yake ikatulia. Hapo ndipo hasira zikawa za kila siku, kwa mke na kwa watoto vilevile. Kila alipokasirika kupita kiasi, alifuatiza siku za majuto na maneno matamu, na mke akaamini kwamba safari hii kabadilika. Binti wa tatu alizaliwa katika kuamini huko.

Baadaye, risasi ikiwa imeshapigwa, ndipo mke akajua kwamba mumewe alikuwa na rekodi ya uhalifu aliyoificha, na kwamba alikuwa na mke mwingine na mtoto huko Colombia. Hapa nitachepuka kidogo. Zamani kwetu mshenga hakutumwa kupeleka barua na kurudi na majibu tu. Alitumwa kuuliza: huyu ni wa nani, katoka wapi, kule alikotoka aliachaje watu? Siku hizi mshenga ni mtu wa kukalia kiti cha mbele na kutoa utani kwenye kikao cha mahari. Kazi yake ya kuuliza tumeiacha, na hakuna aliyeichukua. Si kwamba maswali ya mshenga yangemwokoa Maria da Penha kwa hakika, maana mtu anayevuka mipaka ya nchi anaweza kuacha mengi nyuma. Lakini mtu asiyependa kabisa kuulizwa alikotoka, hilo nalo ni jibu.

Narudi kwenye karatasi. Tunapoulizwa dalili za mume au mpenzi wa hatari, wengi tunataja makofi. Makofi ni dalili, ndiyo, ila mara nyingi huja wakati mambo mengine yameshapangwa. Hesabu ya Fortaleza inasomeka hivi: bima ambayo mke hakuiomba, hati yenye nafasi wazi, haraka ya saini, kisha bunduki. Anayepanga kukutoa duniani hupenda kwanza kuweka sawa mambo ya mali. Kwa hiyo mwanamke anayelazimishwa kutia saini karatasi ambayo haijajazwa, anayenyang'anywa kadi ya benki, anayeona hati ya kiwanja imehamishwa kutoka kabatini bila maelezo, asiseme kwamba bado hajapigwa. Amweleze mtu wa kumwamini siku hiyohiyo. Apige picha hati zake na kuzihifadhi kwingine. Na ikiwa ndani ya nyumba hiyo kuna silaha ya moto, basi hilo si la kujadiliwa kesho.

Risasi haikumuua. Iliharibu uti wa mgongo kwenye pingili ya tatu na ya nne za kifua, na tangu usiku ule hajatembea tena. Mume aliwaambia polisi kwamba nyumba ilivamiwa na wezi. Ilikuwa hadithi inayoaminika: mji mkubwa, usiku, watu wamelala. Akakana pia kwamba aliwahi kumiliki bunduki. Wataalamu wa uchunguzi na mashahidi, wakiwemo wafanyakazi wa ndani, ndio walioivunja hadithi hiyo, lakini baadaye, na kwa mwendo wa konokono.

Sasa inakuja sehemu ya kisa hiki ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko risasi yenyewe. Baada ya miezi minne ya hospitali na upasuaji, Maria da Penha alirudi nyumbani. Nyumba ileile, kwa mume yuleyule.

Msomaji atauliza, alirudije? Swali hili huulizwa kila mara, na huulizwa kwake yeye badala ya kuulizwa waliomruhusu mpiga risasi aendelee kulala kitandani pake. Fikiria hali yake. Hadithi ya wezi ilikuwa bado haijavunjwa. Watoto wake watatu walikuwa mle ndani. Miguu haimbebi tena, hata kugeuka kitandani anahitaji mkono wa mtu. Juu ya yote, alihofia kwamba akiondoka bila ruhusa ya mahakama ataambiwa ameitelekeza nyumba, na hapo watoto wangeweza kubaki kwa baba. Mtu anayesema "mimi ningeondoka" hajawahi kukaa mbele ya meza ya hesabu hiyo.

Alifungiwa ndani siku kumi na tano. Siku moja akiwa anaoga kwenye shawa inayopasha maji kwa umeme, kama zilivyo nyingi nchini Brazil, umeme ukamrusha. Akapiga kelele, msaada ukafika. Na hapo akaelewa jambo dogo ambalo lilikuwa linamtatiza kwa muda: kwa nini mumewe siku zile alikuwa ameacha kuoga katika bafu lao, akawa anaogea katika bafu la watoto.

Nimesoma kesi nyingi za namna hii, na sijui maelezo yanayotisha zaidi ya hilo la bafu. Bunduki mtu anaweza kuifyatua kwa hasira ya dakika moja, au angalau wakili wake atasema hivyo. Kuhama bafu ni jambo la mtu aliyetulia, anayekula chakula cha jioni na familia, anayengoja.

Funzo hapa ni la ndugu na marafiki kabla ya kuwa la mwathirika. Aliyenusurika risasi hajamaliza kunusurika. Jaribio la pili huja pale watu wanapokwisha kuleta matunda hospitalini, wakasema pole, wakarudi makwao wakiamini kwamba mabaya yamepita. Tunao msemo kwamba mvumilivu hula mbivu, na wazee wetu hawakuutunga kwa ajili ya mtu anayetafutwa kuuawa. Shangazi anayemrudisha binti kwa mume mwenye silaha kwa kumpigia msemo huo anafanya kosa ambalo kaburi halitamsamehe.

Familia ya Maria da Penha ilifanya lililo sawa. Walipoelewa ukweli hawakwenda kugombana na mume mlangoni, wala hawakumtorosha usiku kwa pupa. Walikwenda kwanza kutafuta amri ya mahakama ya kumruhusu atengane na mumewe, ili akitoka atoke na haki yake na watoto wake. Kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa kwa mwanamke anayemkimbia mkatili, kwa sababu ndipo mkatili anapogundua kwamba kitu kinamponyoka. Kwa hiyo kuondoka hupangwa kimya: nani ataendesha gari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko wapi, dawa, fedha kidogo, simu ambayo mume haishiki, na nyumba ya kufikia ambayo mume hataipigia hodi kwanza.

Kesi yenyewe ni aibu tupu. Mashtaka yalifunguliwa mwaka 1984. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Mei 1991, akahukumiwa miaka 15, akakata rufaa, akatoka mlangoni akiwa huru. Kesi ikasikilizwa upya Machi 1996, safari hii miaka 10 na miezi 6, mawakili wakaibua tena kasoro za utaratibu, akatoka tena. Huku nyuma saa ilikuwa inahesabu. Kwa sheria ya Brazil, miaka 20 ikipita bila hukumu kukamilika, kosa hilo lingefutika.

Ungekuwa wewe ungefanyaje na maisha yako katikati ya miaka hiyo? Wengi hukaa wakingoja mahakama iwape ruhusa ya kuendelea. Maria da Penha hakungoja. Alijifunza upya mwili wake juu ya kiti cha magurudumu, akalea mabinti watatu, akatafuta wanawake wengine waliopitia kama yake, na mwaka 1994, kati ya hukumu ya kwanza na ya pili, akachapisha kitabu alichokipa jina lenye maana ya nimenusurika, naweza kusimulia. Ndani yake aliweka kisa chote pamoja na yaliyomo katika majalada ya kesi. Hakuandika ili watu walie. Aliandika mambo yanayoweza kukaguliwa: tarehe, hati, nani alisema nini kituoni.

Tunapozungumzia kujenga maisha upya baada ya unyama kama huu, mara nyingi tunamaanisha kusahau, kusamehe, kuolewa tena na mtu mwema, kufungua duka. Hayo ni mazuri kwa anayeyataka. Lakini kuna ujenzi mwingine ambao hatuusifu vya kutosha, nao ni kukataa kisa chako kisimuliwe na mtu aliyekupiga risasi. Mwanzoni toleo lililokuwa mezani kwa polisi lilikuwa la mume: wezi, usiku, bahati mbaya. Mwanamke huyu alichukua muongo mzima wa maisha yake kulibadilisha. Kama alikuwa na usiku wa kutaka kuacha, na bila shaka alikuwa nao, aliamka asubuhi akaendelea.

Kitabu hicho ndicho kilichofika mikononi mwa watu wa haki za binadamu. Mwezi Agosti 1998, yeye pamoja na mashirika mawili ya kutetea haki, CEJIL na CLADEM, wakaipeleka serikali ya Brazil mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika, yenye makao yake Washington. Hawakumshtaki mume huko. Waliishtaki nchi kwa kumvumilia. Serikali ya Brazil haikujibu hata barua. Mwaka 2001 Tume ikatoa uamuzi kwamba Brazil imevunja haki ya mwanamke huyu kwa uzembe na ucheleweshaji, na kwamba uzembe huo haukuwa bahati mbaya ya kesi moja bali desturi ya mahakama kuelekea wanawake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume hiyo kutumia Mkataba wa Belém do Pará wa mwaka 1994 wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake.

Hapo ndipo miguu ya dola ikapata nguvu. Mume alikamatwa mwaka 2002, miaka 19 na zaidi tangu risasi, muda mfupi tu kabla kosa halijafutika. Alikaa gerezani sehemu tu ya kifungo chake, kisha akalegezewa masharti.

Tarehe 7 Agosti 2006 Rais Lula alitia saini sheria namba 11.340, ambayo hakuna anayeiita kwa namba. Kuelewa ilichobadilisha, ujue kwanza yaliyokuwepo. Kabla yake, mwanaume aliyempiga mkewe mara nyingi alipelekwa katika mahakama ya makosa madogo, na adhabu aliyoizoea ilikuwa kutoa kapu la chakula kwa wahitaji. Unga, maharage, mafuta ya kula, ndiyo bei ya mbavu za mkeo. Sheria mpya ilipiga marufuku adhabu ya namna hiyo. Iliunda mahakama maalumu, ikampa hakimu saa 48 kuamua hatua za ulinzi, ikamruhusu kumtoa mkatili nyumbani badala ya kumtoa mke na watoto, kumzuia asisogelee, na kusimamisha haki yake ya kumiliki au kubeba silaha. Mwanamke anayelazimika kukaa mbali na kazi anaweza kulindiwa ajira yake hadi miezi sita.

Na ile karatasi ya gari haikusahaulika. Sheria inataja aina tano za ukatili, na mojawapo ni ukatili wa mali: kuficha au kuharibu hati za mtu, kumnyang'anya fedha na nyenzo zake za kazi. Mwaka 2012 mahakama kuu ya katiba iliongeza jambo jingine la maana, kwamba kesi ya kumjeruhi mke inaendelea hata yeye mwenyewe akitaka kuifuta. Baadhi ya watu walilalamika kwamba hapo mwanamke ananyimwa uamuzi. Mimi naona wamekosea. Mwanamke anayeomba kesi ifutwe huku mume amesimama nyuma yake hajaamua kitu. Kisha mwaka 2019 ikaongezwa sheria inayowataka polisi wachunguze kama mtuhumiwa ana silaha iliyosajiliwa, na hakimu aamuru ichukuliwe mara moja. Hili lilipaswa kuwa la kwanza, likaja limechelewa. Nchi ile inapenda bunduki. Mwaka 2005 wananchi walipigishwa kura kama biashara ya silaha na risasi kwa raia ipigwe marufuku, na karibu theluthi mbili wakakataa.

Sheria haijakomesha mauaji, na asitokee wa kukudanganya kwamba imekomesha. Mwaka 2008 jimbo la Ceará lilimlipa mama huyu fidia ya reali 60,000 na kumwomba radhi, robo karne baada ya risasi. Akaanzisha taasisi yenye jina lake mwaka 2009. Na bado, miaka arobaini baadaye, wapo watu mtandaoni wanaoifufua ile hadithi ya wezi na kumwita mwongo, hadi mwaka 2024 jimbo likamweka chini ya mpango wa ulinzi wa watetezi wa haki za binadamu. Bibi aliyekuwa na miaka karibu 80, juu ya kiti cha magurudumu, alihitaji kulindwa kwa sababu alisema ukweli uliothibitishwa na mabaraza mawili ya wazee wa mahakama. Anayedhani kwamba kunusurika kuna siku ya kuhitimu amsome tena huyu.

Kwetu, sheria zipo. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani, inayomwezesha mtu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na namba ya msaada 1195 hupigwa bure. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukipigwa, chukua fomu ya polisi ya PF3, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine. Ukijua kwamba shemeji, kaka au mwanao anamtishia mkewe na ana bunduki, hata kama anaimiliki kwa kibali halali, nenda kawaambie polisi wewe mwenyewe kabla ya mkewe kulazimika kwenda. Na mke huyo akija kwako usiku na watoto, mpe chumba, funga mlango, na asubuhi usimrudishe.